Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kulisoma Neno na Kulitenda

Wapendwa washarika, Bwana Yesu asifiwe.

Agano tuliloweka kama usharika lina sehemu mbili: kujifunza mafundisho ya Kristo na kuyaishi. Taarifa hii inaeleza kila sehemu imefikia wapi, nini kinaikwamisha, na baraza la wazee linapendekeza nini kwa mwaka unaokuja. Niseme mapema kwamba kusoma kunakwenda vizuri kuliko kutenda. Sababu zake zinajulikana, na nyingi zinarekebishika.

Mpango wetu wa kusoma umejengwa juu ya Agano Jipya, lenye sura 260. Sura tano kwa wiki, kwa wiki 52, zinalimaliza lote. Siku mbili za wiki zimeachwa wazi kwa makusudi, ili aliyeugua au aliyesafiri apate pa kufidia. Anayetaka kumaliza Biblia nzima kwa mwaka hana nafasi hiyo: inambidi asome sura tatu kila siku na tano Jumapili, na akikosa wiki moja tu ana deni la sura 23. Ndiyo maana wengi huanza Mwanzo kwa bidii, wakachoka kwenye vipimo vya hema katika Kutoka, na wakaishia Mambo ya Walawi. Agano la Kale hatujaliacha. Tunalisoma pale Agano Jipya linapolitaja: Isaya 53 pamoja na Matendo 8, Zaburi ya 22 pamoja na Marko 15, Kumbukumbu la Torati 6 hadi 8 pamoja na majaribu ya Yesu katika Mathayo 4. Kwa njia hiyo msomaji anajua anatafuta nini.

Vikundi vya nyumbani vibaki na watu 8 hadi 12. Wakiwa chini ya sita, wawili wakikosa kiongozi anajikuta akihubiri. Wakizidi 12, watatu husema na wengine husikiliza.

Kipindi ni dakika 90, na mpangilio wake una sababu. Dakika kumi za kwanza ni za kuulizana lile tuliloazimia wiki iliyopita limefikia wapi. Kumi na tano ni za kusoma andiko kwa sauti mara mbili, kwa wasomaji tofauti. Ishirini na tano ni za kuuliza andiko linasema nini, na kumi na tano zinazofuata ni za kuuliza lilimaanisha nini kwa waliolisikia kwanza. Ndipo zinakuja dakika kumi na tano za kuazimia, kisha kumi za maombi. Vikundi vinavyolegea huanza kulegea kwenye dakika kumi za mwanzo: salamu zinarefuka, maswali ya azimio yanarukwa, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na azimio. Waliomzunguka Ezra katika Nehemia 8 walisomewa tangu mapambazuko hata adhuhuri, wakaelezwa maana. Siku ya pili wakakuta imeandikwa habari ya kukaa katika vibanda, nao wakatoka kuleta matawi na kuvijenga. Kwao kusikia na kujenga havikutengwa.

Kosa la usomaji linalojirudia zaidi ni kuchomoa mstari. Yeremia 29:11 unanukuliwa kama ahadi ya mafanikio ya haraka, ilhali mstari wa kumi unataja miaka sabini ya uhamisho Babeli. Wafilipi 4:13 unageuzwa kuwa nguvu ya kushinda lolote, ilhali Paulo anazungumzia kuridhika katika njaa na katika shibe. Mathayo 18:20, wa wawili au watatu, unatumiwa kufariji mahudhurio haba, na muktadha wake ni kumrejesha ndugu aliyekosa. Dawa ni rahisi: soma aya iliyotangulia na inayofuata kabla ya kusema lolote. Ikiwa ni waraka mfupi, usomwe wote kwa mkao mmoja. Filemoni ina mistari 25 tu, na Wafilipi nzima haifikishi nusu saa.

Sasa kutenda, ambako ndiko kwenye uzito wa taarifa hii.

Maazimio mengi hufa kwa sababu hayana mwili. "Nitakuwa na upendo zaidi" si azimio. Hakuna awezaye kuuliza kama limetimia. Azimio lililo hai linataja mtendaji, tendo na siku: kabla ya Jumamosi nitamlipa jirani anayenidai, Jumatano jioni nitamtembelea mgonjwa fulani. Na liwe moja kwa wiki. Anayeazimia matatu hutimiza lile lililo jepesi na kujihesabia yote.

Hapa lipo jambo gumu ambalo halifai kupitwa juujuu. Mathayo 6 inakataza kufanya wema ili tuonwe na watu, nasi tunaulizana kikundini kuhusu matendo. Tusipoangalia, dakika zile kumi zitageuka mashindano ya wema, au mahali pa kumwaibisha aliyeshindwa. Kwa hiyo baraza linapendekeza washarika waulizane wawili wawili, mwanamume na mwanamume, mwanamke na mwanamke, na kwamba sadaka au msaada wa fedha usitajwe kabisa hata kwa mwenzi huyo. Aliyeshindwa aulizwe kilichomzuia, kisha azimio lipunguzwe ukubwa.

Kuhusu ugomvi, Mathayo 18:15-17 inatoa hatua tatu: nenda peke yako, kisha chukua mmoja au wawili, kisha liambie kanisa. Inayovunjwa mara nyingi ni ya kwanza. Mwenye kinyongo huanza kwa rafiki, au hulipeleka jambo kikundini likiwa limevikwa nguo ya ombi la maombi. Viongozi wa vikundi wamekwisha kuelekezwa kumkatiza kwa upole na kumuuliza: umekwenda kwake? Lakini utaratibu huu hauhusu ukatili, unyanyasaji wa watoto wala uhalifu wowote. Hapo aliyeumizwa halazimishwi kumkabili aliyemuumiza. Analindwa kwanza, na habari inafikishwa kwa mamlaka ya sheria bila kusubiri kikao cha wazee.

Mfuko wa huruma uendeshwe kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuuliza na kujibiwa. Fedha zihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, zitolewe kwa sahihi mbili, na stakabadhi itunzwe. Paulo alipopeleka mchango hakutaka lawama, akatuma ndugu kadhaa pamoja nao (2 Wakorintho 8:18-21). Na manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani katika Matendo 6, kwamba wajane wao wanasahauliwa, yalitatuliwa kwa kuchagua watu saba ambao majina yao yote ni ya Kiyunani. Walionung'unika walipewa usimamizi. Nasi tuwaweke katika kamati ya ugawaji wale wanaoona wamesahauliwa.

Walimu wapya wasichaguliwe kwa ufasaha. Ezra 7:10 inapanga kuitafuta sheria, kuitenda, ndipo kuifundisha. Kila atakayependekezwa asaidie kikundi kwa miezi mitatu kabla ya kukabidhiwa, na wenzake waulizwe kuhusu mwenendo wake nyumbani na kazini.

Mkutano mkuu utapigia kura mambo matatu: utaratibu wa wawili wawili, muundo wa kamati ya ugawaji, na kipindi cha miezi mitatu kwa walimu. Baraza linapendekeza pia robo ya kwanza isiwe na masomo mapya. Vikundi vikae na Mathayo 5 hadi 7, mistari 111, takriban tisa kwa wiki, ili azimio la kila wiki lipate muda wa kutekelezwa. Maoni yaandikwe na kukabidhiwa kwa katibu kabla ya mkutano. Yanayomhusu mtu binafsi yasiandikwe humo. Yapelekwe kwake kwanza.