Mjusi wa Tendaguru asitumike kutetea makaa ya mawe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kuhusu mabadiliko ya tabianchi, maana huku kusini yamekuwa mada ya kila kijiwe na kila mtu ana lake. Ukikaa stendi ya Masasi utasikia mmoja anasema haya ni ya Mungu tu, hali ya hewa inabadilika toka dunia iumbwe, mwingine anasema wa kulaumiwa ni wakata mkaa wa Liwale na Kilwa basi. Naona wote wameshika kipande, na magazeti yetu, hata lako Mhariri, yanawaacha hivyohivyo.

Nianze na huyu wa kwanza kwasababu ana hoja. Yule mjusi mkubwa (dinosaria) wa Tendaguru ambae Wajerumani walimchimba pale Lindi kati ya 1909 na 1913 wakampeleka Berlin, aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita na dunia ya enzi hizo ilikuwa na joto kuliko hii yetu, hakukuwa na gari wala kiwanda. Ni kweli kabisa. Njia ya dunia kuzunguka jua na mwinamo wake vinabadilika polepole kwa makumi ya maelfu ya miaka na hiyo ndo ilileta zama za barafu na kuziondoa. Volkano nazo zimo, Pinatubo kule Ufilipino ilipolipuka 1991 ilirusha gesi ya salfa juu sana ikazuia mwanga wa jua, dunia ikapoa karibu nusu digrii kwa mwaka mmoja miwili alafu ikarudi ilipokuwa. Elnino tunaijua wote, ile ya 1997 na 98 nani kaisahau, ni maji ya bahari ya Pasifiki yanapata joto, inakuja inaondoka na wala haijaanzishwa na mtu. Hata vimbunga, kimoja kilipiga pwani ya Lindi Aprili 1952. Kwahiyo ukimwambia mzee wa Lindi kwamba vimbunga vimeletwa na viwanda atakuona muongo, na ana haki.

Shida inaanza pale mtu anapochukua ukweli huo akasema basi na hili la sasa ni lilelile. Hapana jamani. Hizo sababu za asili hazijasahauliwa, zimepimwa moja baada ya nyingine. Jua linapimwa kwa satelaiti toka mwishoni mwa miaka ya 70, linapanda na kushuka kidogo kila miaka 11 hivi, haliongezeki, na huku dunia inazidi kupata joto. Alafu kama ingekuwa jua basi hewa ya juu kabisa nayo ingepata joto, lakini vipimo vinaonyesha ya chini inapata joto na ile ya juu inapoa, na ndivyo inavyotakiwa kuwa kama gesi, hasa hewa ukaa (kaboni dioksidi), ndo zinalizuia joto huku chini. Volkano zote za dunia kwa mwaka hazitoi hata asilimia 1 ya hewa ukaa tunayotoa sisi binadamu. Na ule mwendo wa dunia ni wa taratibu mno, kutoka zama za barafu joto lilipanda kama digrii 5 kwa takribani miaka 10,000, sisi tumeshapandisha zaidi ya digrii 1 ndani ya miaka kama 150.

Sasa hapa ndo nataka nikae. Sisi wa barabara ya Songea, Tunduru, Masasi mpaka Mtwara tunayajua malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini, yanapita mchana na usiku na turubai juu. Yale makaa ni mimea iliyofukiwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, yani huyo mjusi wa Tendaguru tunaemtolea mfano alizaliwa yakiwa yameshalala ardhini zamani sana. Kaboni iliyokaa chini muda wote huo inakwenda kuchomwa kwenye tanuri ndani ya siku chache, na kila tani moja ikiungua inatoa zaidi ya tani 2 za hewa ukaa, sababu kaboni ikiungua inajishika na oksijeni ya hewani na uzito unaongezeka. Kabla ya viwanda hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280 kwa kila milioni, walipoanza kupima pale Mauna Loa, Hawaii, 1958 ilikuwa kama 315, leo imepita 420. Na imejulikana imetoka wapi. Mmea ulio hai una kaboni 14 ndani yake, aina ya kaboni inayopungua yenyewe polepole mmea ukishakufa, makaa na mafuta hayana kwasababu imeshaisha kwa ukale, na mwaka 1955 mwanasayansi Hans Suess alionyesha kwamba kaboni 14 ya hewani inazimuliwa na kaboni hii ya kale.

Kwa huyu wa mkaa nisiseme mengi. Kukata misitu kunachangia, kwa dunia nzima ni kama sehemu moja kati ya kumi ya hewa ukaa ya binadamu, nyingine kubwa ni makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mkata mkaa anatuharibia vyanzo vya maji na aachishwe, lakini kumbebesha lawama ya dunia nzima ni dhuluma, wakati Marekani ndo imechoma kuliko nchi yoyote toka viwanda vianze, China ndo inaongoza kwa mwaka, na Afrika yote haifiki asilimia 5. Na gesi yetu ya Mnazi Bay na Songo Songo nayo tuiseme bila kuficha, kwa umeme uleule inatoa kama nusu ya makaa ya mawe, ni afadhali ila sio safi. Sisemi ifungwe, umeme tunauhitaji.

Kwanini nang'ang'ania hili? Kwasababu ya korosho. Mkorosho ukitoa maua kuanzia Juni hivi unataka ukavu na jua. Ikija mvua isiyo na msimu wake, au mawingu na ukungu wa siku nyingi, ugonjwa wa ubwiriunga unashika, shada linakuwa jeupe kama limenyunyiziwa unga wa muhogo, baadae linakauka na kupukutika, na ile dawa ya salfa uliyoamka alfajiri kupuliza imeshaoshwa. Mkulima wa Newala au Tandahimba anataka kujua kama ni mwaka mbaya tu utapita, avumilie, au msimu wenyewe umehama na inabidi abadilishe mbegu na tarehe za kupuliza. Hayo ni maamuzi mawili tofauti na yote yana hela ndani yake.

Na mara nyingi jibu ni vyote viwili kwa pamoja. Msimu ule wa mvua za 2023 na 2024 ulikuwa na Elnino, hiyo ni asili, lakini hewa ikipanda digrii 1 inaweza kubeba mvuke kama asilimia 7 zaidi, kwahiyo mvua ikiamua kushuka inashuka nzito. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya Dar na Lindi ikakatika kule Somanga mabasi yakakwama, na habari nyingi nilizosoma ziliishia kwenye picha ya daraja.

Ombi langu Mhariri, mkiandika mafuriko waulizeni watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kipi ni cha Elnino na kipi ni cha joto la muda mrefu, jibu lao mlichape lote. Mtumeni mwandishi Naliendele kwenye utafiti wa korosho wakati wa maua, sio wakati wa mnada peke yake. Na siku mkiandika ni tani ngapi za makaa zimepakiwa bandari ya Mtwara, ongezeni mstari mmoja zitatoa hewa ukaa kiasi gani zikichomwa huko ziendako, hesabu ni hiyo niliyoitaja juu.

Msomaji wenu na mkulima wa korosho,
Masasi, Mtwara