Runinga za ukumbini zinaharibu picha

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenye kumbi za harusi kwamba runinga kubwa, hata iwe ghali kiasi gani, mara nyingi haionyeshi picha kwa usahihi ikiachwa jinsi ilivyotoka dukani, kwa kuwa huwa imewekwa katika hali ya rangi kali na weupe wenye ubuluu, iliyokusudiwa kuvutia macho ya wanunuzi. Ndiyo maana gauni jeupe la bibi harusi hugeuka samawati. Fundi achague hali ya sinema, ambayo weupe wake hukaribia kelvini 6500, kipimo cha rangi ya mwanga mweupe kinachotumiwa katika kuhariri picha, kisha apunguze ukali wa kingo, unaochora mistari isiyokuwamo pichani.

Kamera nyingi hupiga kwa uwiano wa upana kwa kimo wa 3:2, ilhali runinga ni 16:9, hivyo afadhali pembeni pabaki peusi kuliko kuivuta picha hadi watu wanenepe (na wapo wanaodhani inapendeza!). Tena, runinga ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, hivyo picha iliyopunguzwa kwa kutumwa WhatsApp itaonekana na ukungu. Wenye kumbi waombe faili halisi kutoka kwa mpiga picha.

Mpiga picha,
Dar es Salaam