Malalamiko: seti ya ignisheni mliyoniuzia imeungua na kuniacha njiani na mzigo

Meneja, habari za kazi.

Naandika kuhusu seti ya ignisheni ya elektroniki, ya kutoa cheche za kuwasha injini, pamoja na koili inayokuza umeme wa betri, nilivyonunua dukani kwenu Kariakoo mwezi uliopita, nikalipa kwa simu, mkanitumia Arusha kwa basi. Seti 185,000, koili 60,000, jumla 245,000, risiti ninayo. Nimeshapiga simu mara nne, meseji zangu mnazisoma na hamjibu, ndo maana leo nimekaa chini niandike yote.

Gari yangu ni Land Rover 109 Series III, petroli, injini ya 2286 cc, silinda nne. Aliiacha marehemu baba na ndo inayolisha nyumba mpaka leo. Miaka yote imetembea na pointi, vile vibati vinavyofunga na kukata umeme wa koili ili cheche itoke, na mimi sina ugomvi na pointi, tatizo ni hizi zinazouzwa siku hizi, kile kisigino kinachosugua kwenye kemu, ule mhimili wenye ncha unaozifungua, kinalika haraka, gepu inajifunga, taimingi ya cheche inachelewa, gari ikifika mlimani inakosa nguvu, alafu kondensa mpya, ile inayozuia pointi zisiungue, unaweza ukaifunga asubuhi na jioni imeshakufa. Nilichoka kufungua distribyuta, kile kinachogawa moto kwa plagi na ndo pointi zinakaa ndani yake, kila baada ya wiki mbili. Ndo nikaamua niweke hii ya sumaku, maana unavalisha pete ya sumaku chini ya rota inayozunguka ndani ya distribyuta, moduli, yaani swichi ya elektroniki, inakaa pale pale pointi zilipokuwa, waya mwekundu chanya ya koili, mweusi hasi, hakuna kitu kinachogusana kwahiyo hakuna cha kulika. Wazo lenyewe ni zuri na bado nalipenda.

Nilipopiga simu kijana wenu wa kaunta aliniuliza swali moja tu, "mzee distribyuta yako ni Lucas ipi?", nikamwambia 45D, akasema ipo. Alafu yeye mwenyewe ndo akaniambia nibadilishe na koili, "chukua hii ya moto mkali mzee, unafunga, unawasha, unaondoka". Sikuiomba mimi hiyo koili. Nilimwamini kwasababu yeye ndo anauza na mimi ndo nauliza. Mzigo ulipofika boksi la seti lilikuwa limeshafunguliwa na halina karatasi ya maelekezo hata moja, nikampigia tena, akajibu haina haja, nyaya ni mbili tu.

Fundi wangu akafunga, tukaweka taimingi, na niseme ukweli siku za kwanza gari ilikuwa tamu, inawaka kwa mguso mmoja, sailensa imetulia, hainung'uniki ikiwa ya baridi. Siku ya kumi na moja nikaenda Mang'ola kuchukua vitunguu. Narudi na magunia saba, barabara ya vumbi, jua la saa saba, kabla sijafika Karatu gari ikazima ghafla kama mtu amekata swichi. Nikasubiri kama dakika ishirini ikawaka, nikaenda kilomita mbili, ikazima tena. Nikafungua boneti nikagusa koili, nikatoa mkono haraka maana ilikuwa inaunguza kweli kweli. Mara ya tatu haikuwaka tena. Nikachomoa waya wa katikati wa distribyuta nikausogeza karibu na bloku huku kijana wangu anapiga stata, hakuna cheche, hata ile nyekundu dhaifu haikuwepo.

Kilichoniokoa ni kwamba fundi alinikataza kutupa vitu vya zamani. Pointi, kondensa na koili ya zamani vilikuwa kwenye kopo la maziwa nyuma ya siti. Nikang'oa moduli na pete yenu palepale barabarani, nikasugua pointi kwa msasa laini, nikazungusha injini kwa hendeli polepole mpaka kisigino kikakaa juu kabisa kwenye ncha ya kemu, nikapitisha fila ya 0.4 mm, kile kibati cha kupimia gepu, ikapita kwa kukwaruza kidogo, nikakaza skrubu. Ikawaka stata ya pili. Lakini mpaka naingia Arusha ilikuwa saa nne usiku, mnunuzi alishachukua mzigo wa mtu mwingine, na vitunguu vilivyopikwa na jua siku nzima nikaviuza kesho yake kwa bei ya kutupa.

Sasa sikilizeni sababu, maana kijana wenu alipopokea simu mara ya kwanza alisema nimeacha swichi on bila kuwasha injini, ndo ikaungua. Sijaacha. Swichi ya gari hii nimeijua tangu nikiwa mtoto, na siku ile gari ilizima ikiwa inatembea na mzigo. Nilipeleka koili zote mbili kwa fundi umeme akazipima kwa mita mbele yangu. Koili ya zamani inasoma omu 3.2, yaani ukinzani wake kwa umeme. Ya kwenu inasoma omu 1.5. Na mwenzangu hapa mjini ana seti kama hiyohiyo aliyonunua kwingine, yake ilikuja na karatasi, na karatasi imeandika wazi kwamba kwa silinda nne koili isipungue omu 3. Pigeni hesabu wenyewe, volti 12 kwenye omu 3 ni ampea 4, kwenye omu 1.5 ni ampea 8. Yaani mmeipitisha moduli ndogo vile umeme mara mbili ya inaoweza kubeba, iko ndani ya distribyuta kwenye joto la injini, ingeachaje kuungua?

Kuna kitu kimeniuma zaidi. Nilipoitoa hiyo koili kwenye klampu yake, chini ya klampu pale pasipoonekana, pameandikwa kwamba lazima itumike na resista ya nje, kifaa cha kupunguza umeme unaoingia kwenye koili. Gari yangu haina hiyo resista na haijawahi kuwa nayo. Aliyeivalisha klampu dukani kwenu alikuwa na hayo maandishi mkononi. Swali moja tu, "gari yako ina resista?", lingetosha, au mngepima kwa mita, haichukui hata dakika moja.

Kwahiyo msiniambie kwamba vitu vya umeme havirudishwi kama ilivyoandikwa kwenye risiti. Sijabadilisha mawazo wala sijaharibu mimi, nyie ndo mlichagua vitu viwili visivyoendana mkaniuzia pamoja kwa gari niliyowatajia jina, muundo na distribyuta. Naomba mnirudishie 245,000 yangu yote, au mnitumie moduli mpya pamoja na koili ya omu 3 na karatasi yake ya maelekezo, nauli ya basi juu yenu. Hasara ya vitunguu sijaiweka kwenye hesabu, ingawa mnapaswa kuijua. Na wale wengine mliowauzia seti hii na koili hiyo naombeni muwapigie simu leo, namba zao mnazo kwenye simu ya malipo, kuna wanaopeleka wagonjwa na magari haya sehemu ambazo hata mtandao haushiki.

Nawapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita bila jibu napeleka risiti, picha za koili na meseji zetu zote Tume ya Ushindani, FCC. Moduli na pete nimevirudisha kwenye boksi lake, koili nimeifunga na gazeti na ile sehemu yenye maandishi nimeiacha wazi, niambieni tu nitume kwa basi gani.

Mteja wenu,
mwenye 109 ya kijivu, Arusha