Barua kwa binti yangu anayetaka kurusha ndege

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Mimi mzima wa afya, tumelala Mwanza, na kama rosta haitageuzwa nitafika nyumbani Alhamisi jioni. Mama yako amenitumia picha ya ile fomu uliyoichukua chuo cha urubani kule Wilson, Nairobi, akaongeza na maneno yake ambayo sitayarudia hapa. Anasema mimi ndiye niliyekuambukiza. Sibishani naye. Ila kila tukizungumza kwa simu unaniuliza habari za mshahara na miji niliyofika, nikaona heri nikuandikie yale ambayo huulizi.

La pesa nalimaliza upesi. Mafunzo yanakula makumi ya maelfu ya dola, na ukishapata leseni ya kuruka kibiashara, na saa zako kama 200 angani, bado hakuna anayekungoja mlangoni. Leseni kubwa, ile ya kukufanya kapteni wa ndege ya abiria, inataka saa 1,500. Saa hizo wengi wetu tumezichuma kwenye Caravan, ndege ndogo ya injini moja, abiria kumi na kidogo, Zanzibar, Pemba, Mafia, viwanja vya vumbi vya mbugani. Utapima mizigo mwenyewe na kubishana na mtalii aliyekuja na sanduku gumu lisiloingia. Kuna siku utapita chini juu ya uwanja kwanza ili pundamilia waondoke, ndipo uzunguke urudi kutua. Mimi nilizipenda siku zile kuliko hata hizi za mapangaboi makubwa, lakini usimwambie bosi wangu.

Hayo utayaona mwenyewe. Lililonikalisha hapa usiku huu ni jingine.

Sisi tumekulea kwa adabu. Mkubwa unampa shikamoo, akisema unanyamaza, akikosea unamnong'oneza mama yako, naye atajua namna ya kumfikishia. Ni malezi mazuri, sitaki uyatupe. Ila siku utakapokaa kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, kushoto kwako atakaa kapteni, mzee wa umri wangu, pengine aliyewafundisha hata walimu wako. Mtakuwa mmeshaamkiana kwenye basi, umempa shikamoo yake, ameitikia marahaba, amekuuliza na habari za nyumbani. Saa moja baadaye, mkishuka kwenye mawingu, mwendo wa ndege utaanza kupungua kuliko inavyotakiwa, naye macho yake yako kwingine. Hapo hakuna mama wa kumnong'oneza.

Unasema, "Spidi, kapteni." Basi. Huombi radhi, hutangulizi "samahani mzee." Akijibu kwamba anarekebisha, mmemalizana. Asipojibu unarudia. Asipojibu mara ya pili, unaishika ndege wewe. Sisi tunamhesabu mtu asiyejibu mara mbili kuwa amezimia, hata kama macho yake yako wazi na mikono yake iko kwenye usukani. Si utovu wa adabu, ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo tunavyofanyishwa mazoezi kwenye simulata, mara mbili kila mwaka, hadi siku ya kustaafu.

Sheria hii imelipiwa. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Hispania, Boeing 747 mbili zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ukungu umetanda. Ya KLM ilianza kukimbia kuruka, ile ya Pan Am ingali njiani mbele yake. Ndani ya ile ya KLM fundi wa ndege, yule wa kusimamia mitambo safarini pamoja na marubani, alikuwa amesikia kitu redioni, akauliza kama wale wenzao wameshatoka njiani. Kapteni alikuwa mkufunzi mkubwa wa kampuni, mtu ambaye sura yake ilitumika hata kwenye matangazo yao. Akajibu kwa uhakika kwamba wametoka. Fundi hakuongeza neno. Watu 583 wakafa. Huwa najiuliza kuhusu yule fundi kuliko ninavyojiuliza kuhusu kapteni wake. Alikuwa sahihi, aliuliza, kisha akanyamaza.

Kapteni wa kwanza kunifundisha mimi kusema alisomea Soroti, Uganda, kile chuo ambacho Jumuiya ya zamani ilikianzisha mwaka 1971. Mzee mkali kweli. Lakini mkitua, kama safari nzima hukumwambia kitu, alikugeukia akakuuliza, "Leo ulikuwa rubani au abiria?" Mara nyingine alikosea makusudi kitu kidogo, akaweka namba isiyo sahihi kwenye kipima kimo, ili aone kama utaona. Mimi nawafanyia vijana wangu hivyo hivyo, na najua wanalalamika.

Sasa nikusimulie la huku Ziwani. Ziwa Victoria lina tabia yake. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, basi upepo unatoka pande zote kwenda ziwani, unakutana katikati, hauna pa kwenda ila juu. Hapo ndipo mawingu ya radi yanapojengeka wewe ukiwa umelala, na kufikia asubuhi yanasogea magharibi, Bukoba. Uwanja wenyewe uko ukingoni mwa maji. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya mvua, ndege ya abiria ikienda kutua pale ilidumbukia ziwani, watu 19 wakafa kati ya 43 waliokuwemo, marubani wote wawili wakiwemo. Wavuvi na mitumbwi yao ndio waliowahi kuwafikia. Mama yako hajaisahau siku ile, na ukitaka kuelewa ukali wake juu ya fomu yako, anzia hapo.

Mwaka jana nilikuwa naenda huko huko na kijana mgeni kazini, mpole, wa kuitika "ndiyo mzee" kwa kila jambo. Njia tulikuwa tunaiona. Mimi narusha, macho yangu yako kwenye mwanzo wa lami, pale nitakapoweka magurudumu. Yeye akaona pazia la mvua linaingia kutokea upande wa pili, linameza lami. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kapteni, tukatishe." Nikasukuma nguvu, pua juu, magurudumu ndani, tukapanda. Mmoja wetu akilitamka neno hilo, ndege inapanda. Mjadala ni wa chini, kwenye chai. Tukarudi Mwanza kungoja, na tulikuwa na mafuta ya kutosha kwa sababu sheria inatutaka tubebe ya kufika, ya kwenda uwanja mwingine, na juu yake ya dakika 30 ambayo hayaguswi.

Abiria walinuna. Mmoja akaniambia mlangoni kwamba angepanda basi angefika mapema, na kwamba marubani wa siku hizi waoga wa mvua. Nikamwambia pole, mzee. Yule kijana alikuwa amesimama nyuma yangu ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Sikumhutubia. Nilimnunulia sato wa kukaanga, akala wote.

Wewe nakujua. Nyumbani unasema sana, ila mbele ya baba zako wakubwa unakuwa kimya kama hupo. Ndiyo maana sina wasiwasi na Hisabati yako wala Fizikia. Kiingereza cha redio nacho utakipata, wanakitahini kwa ngazi sita na wanataka angalau ya nne. Mdomo wako ndio unaonitia wasiwasi. Anza hapa hapa nyumbani. Nikiendesha gari nikasahau kuwasha taa ya kukata kona, niambie, tena mbele ya shangazi yako.

Kuhusu fomu: usilipe hata shilingi kwanza. Nenda kwa daktari wa anga aliyeidhinishwa ukapimwe daraja la kwanza, moyo, masikio, macho, na ule mtihani wa namba zilizofichwa kwenye vidoti vya rangi. Miwani yako si tatizo, wengi tunavaa. Lakini kuna waliouza shamba wakalipa ada, halafu ndipo wakaambiwa mwili haukubali, na pesa haikurudi. Cheti kikiwa mkononi tutakaa watatu, mimi, wewe na mama yako, tupige hesabu. Mwache yeye aanze kusema.

Msalimie bibi. Mwambie dawa zake za presha nimeshazinunua, nakuja nazo Alhamisi.

Baba yako