Roki ilishafika Dodoma, Mhariri. Nilipima mizigo yake

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi lilipokuwa likitufikia Dodoma jioni, limejikunja kama chapati, na katika miaka yote hiyo sijawaandikia hata mstari mmoja. Mlipoandika kwamba zabibu zetu huvunwa mara moja kwa mwaka, ilhali mtoto yeyote wa hapa anajua ni mara mbili, nilikaa kimya. Lakini ile makala ya Jumapili, ya mashabiki wa roki kukumbushana bendi na maonyesho ya ujana wao, imenishinda.

Sina haja ya kuieleza, mnaikumbuka. Wazee wamekaa barazani Dar es Salaam wanabishana nani alimsikia mpiga gitaa Jimi Hendrix kwanza, na mmoja anaapa alikuwa na santuri ya Santana kabla mtaa mzima haujajua Santana ni mtu au ni dawa. Hapo nilicheka peke yangu mpaka Mama Neema akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kisha nikafika kwenye ile aya ambayo mwandishi wenu, bila kuulizwa na mtu, anasema kwamba huku bara roki haikuwahi kukanyaga, akaitaja Dodoma kwa jina, na kwamba muziki wa jukwaani tumeanza kuuona Serikali ilipohamia huku mwaka 2016.

Angesema vumbi ningemkubalia.

Mimi nilikuwa karani wa vifurushi pale stesheni ya Dodoma. Nilianza kazi 1974, kijana wa miaka ishirini na suruali ya bugaluu iliyokuwa ikifagia sakafu kila nilipopita. Kazi yangu ilikuwa kupokea mizigo inayoshuka kwenye behewa la vifurushi, kuipima, kuiandika daftarini na kumsubiri mwenyewe aje na risiti. Kwa hiyo bendi zilizokuja Dodoma mimi sikusimuliwa, nimezipima kwa mizani. Najua uzito wa spika za mbao zilizofungwa kwenye magodoro. Najua kwamba tumba haisafiri tupu. Wanamuziki walikuwa wakishindilia mashati yao kwa ule upande ulio wazi ili wasilipie sanduku la nguo, na mimi nilikuwa najifanya sioni. Siku moja lilishuka gitaa la besi, nikalifungua kwa kisingizio cha ukaguzi, nikaugusa ule waya mnene kuliko wote. Ukalia "duu" mle stoo, na mwenye gitaa kumbe amesimama nyuma yangu. Hakunigombeza. Alisema, "Hapo halina umeme, mdogo wangu. Njoo usiku."

Nilikwenda, na kiingilio sikulipa. Walipiga dansi kwanza, rumba moja baada ya nyingine kwa ajili ya wakubwa na wake zao, na ilipofika saa sita, wazee wakiwa wameanza kuaga, vijana wale wakabadilisha mapigo na kuanza kopi za Kizungu, gitaa la solo likilia kama mbwa aliyefungwa. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Mpiga drams hakusimama. Tumba zikamfuata, mtu wa tarumbeta naye akaingia, tukacheza gizani tukikanyagana miguu, na taa ziliporudi magitaa yaliingia palepale yalipopaswa kuwa, kana kwamba walikuwa wakihesabu moyoni muda wote ule. Sijawahi kuhudhuria onyesho lolote Ulaya, na sijioni nimepungukiwa.

Na kama mwandishi wenu anataka majina, angeuliza Mvumi, kijiji cha huku kwetu Dodoma. Patrick Balisidya alizaliwa huko mwaka 1946, mwaka uleule aliozaliwa Zanzibar yule Farrokh Bulsara ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury wa bendi ya Queen, na ambaye mmempa nusu ukurasa na picha. Sina wivu na Freddie. Ile 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid pale uwanja wa Wembley, London, alipewa dakika kama ishirini tu na akaushika uwanja mzima kiganjani. Hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini yeye na wazazi wake waliondoka mwaka 1964, na Balisidya alibaki. Akaunda bendi ya Afro 70, akapiga gitaa na kinanda, akatuimbia kwa Kiswahili, na mwaka 1979 akarekodi Sweden na Archimedes, bendi ya roki ya Waswidi wenyewe. Mgogo wa Mvumi, Mhariri. Ninyi mmempa sentensi moja, mkamwita mwanamuziki wa Dar es Salaam, na jina mmelikosea.

Hukwe Zawose, Mgogo mwingine, ndiyo kabisa, hamkumgusa. Ilimba yake, kile kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, na zeze yake vilimfikisha kwenye lebo ya kurekodi ya Peter Gabriel, yule aliyekuwa mwimbaji wa Genesis, bendi ya roki ya Waingereza, na Gabriel alipozunguka Marekani mwaka 2002, waliotangulia jukwaani walikuwa Hukwe na Charles Zawose. Watu walikata tiketi za roki wakaanza kwa kusikia Kigogo. Mzee alifariki mwaka uliofuata, Desemba. Sasa ni roki ambayo haikufika Dodoma, au ni Dodoma iliyoifuata roki mpaka nyumbani kwake?

Pengine nisingeshika kalamu kama hiyo makala isingenikuta na donda bichi. Miezi michache iliyopita kuna ukumbi mmoja hapa mjini, sitautaja, ulitundika bango la "Usiku wa Zilipendwa na Roki, Laivu". Neno laivu lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyekundu, kubwa kuliko jina la bendi. Kiingilio shilingi elfu ishirini kwa kichwa. Mimi ni mstaafu, elfu arobaini kwa watu wawili ni gesi ya mwezi, lakini nikamwambia Mama Neema tukaoneshane tulivyokuwa. Akatoa kitenge chake cha kwenda harusini, mimi nikavaa koti. Tiketi ilisema saa mbili usiku. Muziki ulianza saa tano, baada ya mshereheshaji kutusalimia mara nane na kutuuliza mara nane kama tupo. Tupo wapi tena, na sisi tumekaa mbele yake?

Wakapanda vijana watano. Miwani nyeusi, kofia, magitaa mawili yanang'aa kama yametoka dukani mchana huo. Wimbo wa kwanza ulikuwa safi mno, na huo usafi ndio ulionishtua, kwa sababu mtu aliyewahi kusikia bendi inafungua jukwaa anajua wimbo wa kwanza ni wa kutafuta sauti: besi imezidi, maiki inapiga mluzi, mwimbaji anamwonyeshea fundi mitambo kidole juu, kidole chini. Hawa hawakutafuta kitu. Nikainuka, nikajifanya naenda msalani, nikapita kando ya jukwaa. Mpiga solo anakunja uso, vidole vinakimbia, kichwa kinatikisika, na waya wa gitaa lake unashuka, unazunguka nyuma ya kiuno, na plagi imechomekwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake. Mfukoni, Mhariri! Nilirudi nikakaa, nikamnong'oneza mke wangu, naye akasema niache ubishi, labda ni teknolojia mpya. Haikupita nusu saa umeme ukakatika. Magitaa yakanyamaza, sawa. Mwimbaji akanyamaza, sawa, maiki haina umeme. Lakini na drams zilinyamaza! Kijana bado anarusha fimbo, tunamwona kwa mwanga wa simu za watu, anapiga ngozi na sahani za chuma, na kinachosikika ni "pu, pu" kama mtu anakung'uta mto. Tangu lini drams zinatumia luku? Mama zetu wanapiga muheme, ngoma ya Wagogo, porini Bahi bila nguzo hata moja ya umeme na unausikia kijiji cha pili. Jenereta lilipowaka, wimbo haukuendelea pale ulipoishia, ulianza upya kutoka mwanzo, na mwimbaji akawa amechelewa kufungua mdomo, sauti yake ikamtangulia. Ukumbi ukashangilia. Nilimfuata kijana wa mlangoni nikadai elfu arobaini zangu. Akanishika bega kwa upole wote wa dunia, akasema, "Babu, laivu ya siku hizi ndiyo hii."

Halafu hao walioshangilia. Nusu yao hawakulitazama jukwaa, walikuwa wameliinulia simu. Mbele yangu alikaa bwana mmoja mwenye mabega ya mlango, akarekodi nyimbo nne mfululizo, mkono juu, mimi naona onyesho kupitia kioo chake kidogo chenye ufa. Alipomaliza alianza kulitazama upya palepale alipokaa, na sauti kafungulia.

Nyumbani nako hakukaliki. Ng'ambo ya uzio wetu kuna baa iliyofunguliwa wakati mji ulipoanza kujaa wageni. Spika zake zimeelekezwa barabarani, maana yake chumbani kwangu, na zinafanya kazi mpaka saa nane za usiku. Vikombe kabatini vinagongana. Niliandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaipeleka kwa mkono, nikaambiwa mwenyekiti hayupo, nimfuate baa. Nikamfuata. Alinikaribisha kiti kwa heshima zote, akasoma barua yangu kwa mwanga wa taa za rangi, akanipigia kelele sikioni kwamba hasikii nasema nini. Watu hao hao ukiwaomba waweke bendi ya kweli Ijumaa moja tu, watoto wetu wenye magitaa wapate pa kujifunzia, wanasema bendi ina gharama na inawasumbua majirani.

Sitaki kuitwa mzee wa kulalamika tu, kwa hiyo nina pendekezo. Mizani. Ile ya chuma, ya kusimama sakafuni, kama niliyoitumia stesheni miaka thelathini na tano. Iwekwe mlangoni mwa kila ukumbi wa Jiji la Dodoma, na bendi ikifika, vyombo vyake vipimwe mbele ya wateja na uzito uandikwe kwa chaki ubaoni, kando ya kiingilio. Kutoka kilo mia mbili na hamsini kwenda juu, waandike laivu hata kwa dhahabu. Chini ya hapo, neno lifutwe kwenye bango na kiingilio kishuke mpaka shilingi elfu mbili, ambayo ndiyo thamani ya soda na kiti. Mizigo ya bendi tuliyokuwa tukiishusha zamani haikubebwa na mtu mmoja, wala wawili. Hawa wa siku hizi muziki wao wote unaenea kwenye flashi, na flashi nimeipima. Nilimpelekea mangi wa dukani kwetu aiweke kwenye mizani yake ya sukari, na mshale haukutikisika.

Waya nao ukaguliwe. Plagi ikionekana popote penye suruali, kila mtu arudishiwe hela yake na nauli ya bajaji.

Kama mkinikubalia niko tayari kuwa mpimaji wa kwanza, bila posho, mradi nipate stuli na boksi moja la chaki. Mwandishi wenu naye namkaribisha, aje kwa treni hii ya umeme, atafika hata kabla koti halijakunjamana. Nitampeleka stesheni ya zamani nimwonyeshe mlango wa stoo ya vifurushi. Akitaka kusikia waya mnene unavyolia, mjukuu wangu anajifunza besi, ya mtumba, haina spika, lakini ukiegemeza gitaa kwenye kabati la vyombo linatoa sauti ya kutosha.

Na jina ni Balisidya, kwa y.

Karani Mstaafu,
Makole, Dodoma