Kusuuza chupa ya mbege hakutoshi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaopika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, nyumbani na kuiuza kwa chupa hapa Manzese na Kimara. Kuzungusha maji mara moja na kumwaga si kusafisha. Inua chupa uitazame kwenye mwanga. Ukiona utando wa kijivu kitakoni, au kidole kikiteleza shingoni, humo huenda wamo bakteria wa kugeuza pombe kuwa siki. Jiki peke yake haiondoi utando huo. Loweka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa brashi ndefu, suuza. Ndipo utie maji yenye jiki kidogo, usubiri, umalizie kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Jiki na siki visikutane kamwe, hewa yake ni sumu.

Chupa za kioo unaweza kuzichemsha, ila zianzie kwenye maji baridi zisipasuke. Za plastiki hujikunja kwa moto na mikwaruzo yake huficha uchafu. Mimi sizitaki kabisa. Na chupa za kuokota zinusweni jamani, nyingine zilibeba mafuta ya taa!

Nawaomba maofisa afya wa kata wapite vilabuni watufundishe haya kwa vitendo.

Mama Muuza Mbege,
Manzese, Dar es Salaam