Msimu wa Uumbaji uanzie jikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu shule zetu za Kikatoliki na shughuli za mazingira ambazo kila mwaka zinazidi kupamba moto. Nitazungumzia Kilimanjaro kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko mwanangu anakosoma bweni, ila nadhani hata wazazi wa Kagera, Iringa na Songea watajiona humu.

Niweke wazi kwanza kwamba sizipingi shughuli hizo. Enzi zetu mazingira shuleni yalikuwa kufyeka nyasi na kupaka mawe chokaa mgeni akija. Leo, tangu Papa Fransisko atoe Mei 2015 waraka wake wa Laudato Si', unaohusu utunzaji wa mazingira, mtoto wa kidato cha pili anakueleza vizuri tu kwa nini msitu wa mlima una uhusiano na maji ya bomba mjini Moshi. Kuna klabu za mazingira, ngonjera, maigizo, mashindano ya insha. Walimu wanaosimamia haya, wengi wao bila posho yoyote, wanastahili shukrani zetu.

Tatizo langu ni Septemba. Msimu wa Uumbaji, kipindi cha Wakristo kusali na kutunza mazingira, huanza Septemba 1 na kuishia Oktoba 4, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza msimamizi wa wanaoshughulikia mazingira mwaka 1979. Kalenda hiyo ni ya Kanisa zima, siigusi. Lakini huku kwetu Septemba ni kiangazi. Masika yamekwisha zamani, vuli bado, vumbi la barabara za tambarare linaingia hadi kwenye sahani. Ndipo hapo tunapowapanga watoto mstari, mgeni rasmi anachomeka mche, mche unamwagiwa maji ya ndoo moja kwa ajili ya picha, padri anabariki, watu wanakwenda kula pilau. Mwaka jana, siku ya kutembelea wanafunzi, nilipita kwenye mstari wa namna hiyo katika shule moja ambayo sitaitaja. Kila shimo lilikuwa na kibao cha bati chenye jina na cheo cha aliyepanda. Vibao vilikuwa vimestawi kuliko miche.

Mkulima yeyote wa huku angewaambia kwamba mti hupandwa Machi au Aprili, mvua zikishaanza. Angewaambia pia wasipande mikaratusi karibu na chemchemi, na kwamba miashoki inapendezesha geti lakini haina kazi nyingine. Waulizwe wazee kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kimepangwaje: mti wa mringaringa juu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na magimbi pembeni ya mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji. Hilo lenyewe ni somo la ikolojia lililokamilika, na wamisionari waliofika Kilema mwishoni mwa karne ya 19 walilikuta tayari lipo, wakaliongezea kahawa. Badala ya mgeni rasmi wa kutoka wilayani, aalikwe mzee mmoja wa kijiji cha jirani aje na panga lake.

Sasa, kama miti ihamie masika, Septemba ifanyike nini? Ndiyo sababu ya barua hii. Septemba iwe ya jiko.

Zunguka nyuma ya bwalo la shule yoyote ya bweni utanielewa. Utakuta rundo la kuni linalofika usawa wa paa, nyingine bado zina majani mabichi. Ndani kuna masufuria ambayo mtoto wa darasa la tatu anaweza kujificha ndani yake, kuta nyeusi kama lami, na wapishi waliowasha moto tangu alfajiri kwa ajili ya uji. Macho yao ni mekundu siku zote. Mpishi mmoja aliniambia kwamba ameshazoea kukohoa, kana kwamba kukohoa ni sehemu ya mkataba. Mita chache kutoka hapo, ukutani, kuna bango zuri lililochorwa na wanafunzi: dunia ni nyumba yetu sote.

Waraka wenyewe wa Papa hauishii kwenye miti. Katika aya ya 211 anataja mambo madogo ambayo elimu ya mazingira inapaswa kuyajenga: kupunguza plastiki na karatasi, kutumia maji kidogo, kutenganisha taka, kuzima taa zisizohitajika, na kupika kile tu kinachoweza kuliwa. Kupanda miti kumo, ndiyo, lakini kumo katikati ya orodha ndefu ya kazi za nyumbani. Sisi tumechagua kile chenye picha nzuri. Na Vatikani yenyewe haikungoja waraka. Mwaka 2008, wakati wa Papa Benedikto XVI, paa la Ukumbi wa Paulo VI liliwekewa paneli za umeme wa jua zinazokaribia 2,400. Paa kwanza, maandishi yakafuata miaka saba baadaye.

Najua watu watasema gesi ni ghali, na kusonga ugali wa watoto mamia kwenye gesi si jambo la mchezo. Kweli kabisa. Lakini suala hili halitusubiri. Serikali imekwisha kuzipiga marufuku taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kutumia kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Takwimu ambayo viongozi hurudia kila mara ni kwamba nchi hupoteza hekta 469,420 za misitu kwa mwaka. Tulipoambiwa Juni 1, 2019 kwamba mifuko ya plastiki basi, tulilalamika, tukatafuta vikapu, maisha yakaendelea. Shule ambayo itangoja mpaka ikaguliwe itahamia gesi kwa hofu na kwa mkopo. Ni afadhali kuanza mapema, tena kwa vitu visivyo na gharama.

Maharage, kwa mfano. Shule nyingi hupika maharage na makande karibu kila siku, na mara nyingi yanatupwa sufuriani yakiwa makavu. Ukiyaloweka usiku, asubuhi ukamwaga yale maji na kuweka mengine, yanaiva mapema zaidi. Mama zetu walijua hilo bila fizikia. Kuni mbichi nazo ni hasara ya wazi: sehemu kubwa ya moto inakwenda kukausha maji yaliyomo kwenye gogo lenyewe, kinachobaki ni moshi. Banda la kukaushia kuni, tena lililoezekwa kwa mabati chakavu, linaokoa zaidi ya kongamano la siku nzima. Sufuria lifunikwe. Jiko la mafiga matatu libomolewe, lijengwe jiko banifu la matofali lenye dohani, ambalo linakumbatia sufuria na kutoa moshi nje. Mafundi wapo.

Na hapa wanafunzi waingie kazini kweli. Klabu ya mazingira ipewe mizani na daftari. Wiki moja wapime kuni zilizopika maharage makavu, wiki ya pili yaliyolowekwa, wachore grafu, waibandike bwaloni. Walimu wa fizikia na hesabu wamepata mazoezi ya vitendo bure. Wapime pia makombo. Nimewahi kuona ndoo za ugali zikipelekwa kwa nguruwe kila jioni, na ugali ule umepikwa kwa kuni za kununua. Nguruwe wa shule wamekuwa walaji wa gharama kubwa sana.

Kwa kuwa nimewataja nguruwe: shule nyingi za masista na mapadri zina mazizi, za ng'ombe na nguruwe, na bado hazina mtambo wa bayogesi. Samadi inachanganywa na maji, inaingia kwenye shimo lililojengewa na kufunikwa hewa isipite, vijidudu vinafanya kazi yao, gesi inapanda, inapita kwenye bomba hadi jikoni. Tope linalotoka upande wa pili ni mbolea safi ya migomba. Haitatosha kupika ugali wa shule nzima, sitaki kudanganya, lakini chai ya asubuhi na chakula cha wagonjwa vinaweza kutoka hapo. Mtoto aliyewahi kukoroga samadi ile na kuona ndimi za buluu zikiwaka hatahitaji ngonjera.

Kuna swali moja ambalo ningependa wanafunzi wenyewe waulize, kwa heshima, kwa mkuu wa shule: lile fuso la kuni linatoka wapi? Ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wa mlimani wapate kuni na majani umeingizwa, pamoja na msitu wote, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu 2005. Kwa hiyo kuni za halali zinatoka kwenye mashamba ya watu, mgrevilea uliopunguzwa matawi, au zinatoka mbali kwa kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kibali hicho kina karatasi. Mwanafunzi akiomba kuiona karatasi hiyo amejifunza uraia, jiografia na dhamiri kwa mpigo, na shule isiyokuwa na cha kuficha itaifurahia kazi yake.

Ninajua wakuu wa shule wetu, masista na mapadri, wana mizigo mingi, na ada haitoshi kila kitu. Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kwenye kikao cha wazazi cha mwisho wa mwaka huu, pamoja na matokeo ya mitihani na deni la ada, mhasibu atusomee fedha za kuni za Agosti na za Oktoba, tulinganishe. Kama zimepungua, tujue ni kwa sababu gani. Kama hazikupungua, tuchangishane jiko. Mimi niko tayari kutoa mchango huo mara moja kuliko kumnunulia mwanangu fulana nyingine ya kijani ya sherehe.

Wako,
Mzazi wa mwanafunzi wa bweni,
Kibosho, Moshi